KIKULACHO KI NGUONI MWAKO: KIRUSI KINACHOGHUSHI MUHURI WA MWILI

Kwa miaka mingi kurasa hizi zimekuwa za mashairi na visa vya sungura na fisi. Leo naomba nafasi niingize Bayolojia humu ndani, tena kwa Kiswahili, kwa sababu kuna watu hapa shuleni wanaosema ati Kiswahili ni cha sokoni na cha matatu, hakiwezi kubeba sayansi. Hao wavute viti karibu.

Somo lenyewe ni jinsi virusi vinavyoiga protini za mwili wetu ili kinga ya mwili isivishughulikie. Virusi ni vingi na hila zao ni nyingi, lakini nimechagua kimoja ambacho kimo ndani ya karibu kila msomaji wa jarida hili, mwalimu mkuu akiwemo. (Samahani, mwalimu.) Kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr. Zaidi ya watu wazima 9 kati ya kila 10 duniani wanacho. Huenezwa kwa mate: kikombe kimoja cha uji kinachozunguka watoto watano, au nyanya anayemtafunia mjukuu chakula kabla ya kumlisha. Kikishaingia hakitoki tena mpaka kaburini.

Utauliza, basi mbona hatuumwi? Na kama hatuumwi, mbona tujisumbue nacho? Swali la pili nitalijibu kwanza, na jibu lake linaanzia Uganda.

Mwaka wa 1957, Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyezaliwa Ireland, alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago mjini Kampala. Siku moja mwenzake, Dkt. Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto wa miaka 5 aliyevimba taya juu na chini, kushoto na kulia. Halikuwa jipu, wala haikuwa shida ya jino. Wiki chache baadaye Burkitt alikuwa Jinja, akatupa jicho nje ya dirisha la hospitali, akaona msichana mdogo mwenye uso uliovimba vile vile. Mtu mwingine angesema ni bahati mbaya imetokea mara mbili, akaenda zake kunywa chai. Burkitt alianza kufukua mafaili. Aligundua kwamba watoto wengi waliovimba taya walikuwa pia na uvimbe tumboni, na kwamba yote ilikuwa saratani ya aina moja. Aliandika habari zake mwaka wa 1958, na leo ugonjwa huo unaitwa limfoma ya Burkitt.

Hakuishia hapo. Alituma barua zenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika akiuliza, "Je, mmewahi kuona hii?" Kisha Oktoba 1961 yeye na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu aina ya Ford wakasafiri kwa majuma 10, maili 10,000 hivi, mpaka Afrika Kusini na kurudi, wakisimama hospitali baada ya hospitali na kuuliza swali lile lile. Waliporejea walikuwa na ramani. Ramani ilionyesha kwamba karibu na ikweta ugonjwa huu ni wa nyanda za chini. Ukipanda kupita mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, unakuwa adimu sana. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi na wadudu kule Entebbe, alipoitazama ramani hiyo aliona inafuata joto na mvua, kama ramani za magonjwa yanayoletwa na mbu.

Sasa, msomaji wa Kitale, tega sikio. Mji wetu uko kwenye mita 1,900 hivi. Bungoma iko kwenye mita 1,400 hivi. Maana yake, mpaka wa Burkitt unapita katikati ya safari ambayo wengi wetu huifanya kila likizo. Unapanda matatu hapa stendi asubuhi ukiwa na sweta; Kiminini sweta bado iko mwilini; Kamukuywa umefungua vifungo; ukifika Webuye sweta iko mapajani. Bungoma usiku hulali bila neti, ukijaribu mbu watakuimbia mpaka asubuhi. Kitale nako malaria ipo, si kwamba haipo, lakini si kama huko chini.

Lakini mbu habebi kirusi cha Epstein-Barr. Kirusi hicho kiligunduliwaje, na mbu anaingiaje? Subira, bado tunakwenda.

Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara mjini London. Katika ukumbi alikuwepo mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyezoea kutafuta virusi kwa hadubini ya elektroni. Aliposikia saratani inayofuata joto na mvua, aliwaza: hapa kuna kiumbe kinachoambukiza. Wakapatana vipande vya uvimbe visafirishwe kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Miaka miwili ilipita Epstein akitazama bila kuona kitu. Desemba 1963 ukungu ulizuia ndege isitue London, ikapelekwa Manchester. Kipande kilipofika kilikuwa kimechelewa na maji yake yamechafuka kama yaliyooza. Badala ya kukitupa, Epstein alichukua tone akalitazama. Kumbe uchafu ule ulikuwa seli hai za uvimbe, zimejitenga na kuelea zenyewe! Yeye, Yvonne Barr na Bert Achong, mwana wa Trinidad, wakafaulu kuzikuza, na mwaka wa 1964 wakakiona kirusi ndani yake. Hicho ndicho kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Achong hakupata nafasi katika jina la kirusi, jambo ambalo mimi naona si haki.

Haya, turudi kwa swali la kwanza. Kirusi hiki hukaaje mwilini miaka 60 au 70 bila kufukuzwa?

Chukulia mwili kama wilaya. Kuna askari, nao ni chembechembe nyeupe za damu. Askari wa aina ya B hutengeneza kingamwili, ile silaha inayonata kwa adui. Askari wa aina ya T hukagua seli moja moja, na wakiona seli iliyotekwa huiua. Askari hawa hawana simu. Hutumiana amri kwa protini, na kila protini ina mlango wake wa kupokelewa kwenye ngozi ya seli. Protini ikitoshea mlangoni, amri inatekelezwa. Hakuna anayeuliza nani ameituma. Ni kama barua yenye muhuri wa chifu: karani akiona muhuri, anapiga saini. Basi ukiweza kuchonga muhuri, wilaya ni yako.

Na hivyo ndivyo kirusi hiki kinavyofanya. Kwanza huingia ndani ya seli B zenyewe, yaani mwizi anajificha kituo cha polisi. Kwenye ngozi ya seli B kuna mlango unaoitwa CR2, uliowekwa kupokea kipande cha protini ya kinga kiitwacho C3d. Kirusi kina protini kwenye ganda lake, gp350, inayoushika mlango huo huo. Seli inadhani imepokea mgeni wake wa kawaida, kumbe imefungua nyumba.

Kikishaingia, kinahitaji seli hiyo iishi. Kwa kawaida seli B haipewi ruhusa ya kuishi miaka mingi mpaka ipate ishara mbili: moja kutoka kwa adui iliyemshika, nyingine kutoka kwa seli T inayothibitisha kwamba kweli huyo ni adui. Kirusi hutengeneza protini mbili zinazoghushi ishara hizo. LMP2A hufanya kana kwamba seli imeshika adui. LMP1 hufanya kazi ya kengele iitwayo CD40, ile ambayo seli T huibonyeza, ila hii ya kirusi hulia yenyewe bila kubonyezwa. Seli inapandishwa cheo, inakuwa seli ya kumbukumbu, inaishi miaka. Hakuna adui aliyeshikwa wala seli T iliyothibitisha.

Hila inayonishangaza zaidi ya zote, na ambayo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya, ni ya protini iitwayo interlukini-10. Hii ni amri ya mwili ya "shusheni silaha". Tunaihitaji sana. Vita vikiisha lazima askari watulizwe, la sivyo watachoma nyumba za wenyeji. Mwaka wa 1984 wanasayansi walimaliza kusoma jeni zote za kirusi cha Epstein-Barr, herufi kama 172,000. Mojawapo ya jeni hizo iliitwa BCRF1, na hakuna aliyejua kazi yake. Mwaka wa 1990 watafiti waliokuwa wakisoma jeni ya interlukini-10 walipoilinganisha na maandishi mengine yaliyohifadhiwa, wakakuta inafanana na BCRF1. Protini ya kirusi na ya binadamu zilifanana kwa zaidi ya asilimia 80. Mwalimu wetu wa insha akikuta madaftari mawili yanafanana hivyo, wote wawili wanaitwa ofisini, na mmoja ataeleza vizuri alikaa karibu na nani. Hapa aliyenakili anajulikana: wataalamu wanaona kwamba zamani za kale mababu wa kirusi hiki walinyakua jeni hiyo kutoka kwa mwili waliomokaa.

Na hakikunakili kama mjinga anayenakili mpaka jina la mwenzake. Interlukini-10 yetu ina sura mbili: inatuliza baadhi ya askari, lakini pia inawatia nguvu wengine. Ile ya kirusi imebaki na kutuliza, kutia nguvu imekuacha nje. Watafiti walipobadilisha asidi amino moja tu katika protini ya binadamu, ya 87, ikawa kama ile ya kirusi, protini yetu nayo ikapoteza uwezo wa kuwatia askari nguvu. Asidi amino moja! Kirusi hakina ubongo wala hakipangi mambo. Ni kwamba virusi vilivyozaliwa na nakala yenye faida ndivyo vilivyosalia na kuzaana. Huo ndio uteuzi wa kiasili tunaousikia katika somo la mabadiliko ya viumbe.

Hila ya mwisho ni kunyamaza. Ndani ya seli ya kumbukumbu kirusi hufunga karibu jeni zake zote. Seli ikigawanyika hubakiza protini moja, EBNA1, ya kuhakikisha jeni zake zinarithiwa na seli zote mbili. Katika protini hiyo kuna kipande kirefu cha asidi amino mbili tu zinazorudiwarudiwa, glisini na alanini. Kipande hicho hufanya EBNA1 isikatwekatwe kwa urahisi na kuonyeshwa nje ya seli ambako seli T hukagua.

Si kirusi hiki peke yake. Binamu yake, anayeleta saratani ya Kaposi na aliyegunduliwa mwaka wa 1994, ameiba protini nyingine ya amri, interlukini-6. Huyo naye ni mwenyeji hapa Afrika Mashariki, hasa Uganda. Nikiwa na nafasi mwaka ujao nitamleta.

Pia kufanana huku kunaweza kumwangukia mwenye nyumba. Mwaka wa 2022 utafiti wa askari wa Marekani zaidi ya milioni 10 ulionyesha kwamba hatari ya ugonjwa unaoharibu ganda la neva, skilirosisi ya sehemu nyingi, huongezeka mara 32 baada ya kuambukizwa kirusi cha Epstein-Barr. Mwaka huo huo watafiti wengine walikuta kwamba kipande cha EBNA1 kinafanana na protini ya ubongo iitwayo GlialCAM, hata kingamwili zilizotengenezwa kupiga kimoja zinapiga na kingine. Polisi wamepewa picha ya mwizi, na jirani ana sura hiyo hiyo.

Sasa mbu aingie. Kwa kawaida, pamoja na ughushi wote huo, seli T hazilali. Hukamata seli zilizotekwa kila siku na kukiweka kirusi chini. Ni kama mkataba: wewe kaa kimya, nasi tutakuvumilia. Malaria ndiyo inayovunja mkataba huu. Mtoto anayepata malaria tena na tena, seli zake T huchoka. Hapa Kenya watafiti walilinganisha watoto wa Kisumu, ambako malaria ni nyingi, na wa Nandi, nyanda za juu kama Kitale. Mwaka wa 2007 walieleza kwamba watoto wa Kisumu wa umri wa miaka 5 hadi 9 walikuwa na mwitikio hafifu zaidi wa seli T dhidi ya kirusi hiki. Mwaka wa 2012 wakaeleza kwamba watoto wachanga wa Kisumu huambukizwa mapema zaidi. Tena malaria huzichochea seli B zigawanyike kwa wingi na kukatakata jeni zao ili zitengeneze kingamwili. Katika pilikapilika hizo siku moja kipande cha kromosomu ya 8 hukatika na kubandikwa mahali pabaya, mara nyingi kwenye kromosomu ya 14. Jeni inayoitwa MYC, inayoamrisha seli zigawanyike, inabaki imewashwa. Seli ya kawaida yenye kasoro kama hiyo hujiua. Iliyo na kirusi inasaidiwa isife. Hiyo ndiyo limfoma ya Burkitt.

Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Si mchezo. Naandika hivi nikimkumbuka mtoto mmoja jirani ya nyanya yangu, upande wa Chwele, aliyekuwa na miaka 6. Shavu lilianza kuvimba, meno yakalegea, akang'olewa moja, baadaye la pili. Wengine wakasema amerogwa. Ni kukhu, yaani nyanya yangu, aliyemwambia mama yake, "Mwanangu, jino gani hili linalovimba juu na chini? Mpeleke mbele." Wakaenda Eldoret. Majuma matatu yalikuwa yamepotea. Alitibiwa kwa dawa za sindano miezi kadhaa, nywele zikatoka zote, na sasa yuko darasa la nne na anakimbia kuliko mimi. Si wote wanaobahatika hivyo.

Dawa zipo, na zimekuwepo tangu zamani. Burkitt mwenyewe aliona katika miaka ya 1960 kwamba uvimbe huu huyeyuka kwa dawa za saratani bila kisu, na mwaka wa 1967 Kampala ikafungua kituo cha kuutibu ambacho ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Kwa hivyo mwenye mdogo nyumbani akumbuke dalili: taya linalovimba haraka, meno yanayolegea bila kuoza, jicho linalosukumwa nje, au tumbo linalojaa upesi. Hapo si wakati wa kungoja siku ya soko.

Kuhusu kuuzuia, hadi sasa hakuna chanjo iliyoidhinishwa dhidi ya kirusi cha Epstein-Barr, ingawa majaribio yanaendelea, na mengine yanatumia ile gp350 ya ganda. Yaani muhuri wa kughushi unaonyeshwa kwa askari mapema ili waujue. Njia nyingine ni kumzuia mbu. Katika North Mara, Tanzania, kuanzia 1977 hadi 1982, watoto walipewa klorokwini ili ionekane kama saratani hii itapungua. Ilipungua, lakini ilikuwa imeanza kupungua hata kabla dawa hazijagawanywa, kwa hivyo wataalamu hawakuweza kuipa klorokwini sifa zote. Mimi naona walikuwa waaminifu kusema hivyo.

Leo kuna silaha mpya. Septemba 2019 Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya malaria kwa chanjo iitwayo RTS,S, katika kaunti nane za magharibi na ziwani, na Bungoma ni mojawapo. Ratiba iliyoanza nayo ilikuwa sindano nne, ya mwisho mtoto akiwa na miaka miwili. Trans Nzoia haikuwamo. Sababu yake sasa mnaijua: ni zile mita 500 za mteremko kati ya Kitale na Bungoma. Limfoma ya Burkitt huwapata zaidi watoto wa miaka 4 hadi 9, na waliochanjwa kwanza kabisa ndio wameshapita katika umri huo au wamo ndani yake. Binamu yangu wa Chwele ni mmoja wao. Kadi yake ya kliniki kukhu ameifunga kwenye mfuko wa plastiki, na huitoa akimwonyesha kila mgeni kabla hata ya kumkaribisha chai.